TUSINUNUE INTANETI KWA KUTAZAMA BEI PEKE YAKE

(Mazungumzo haya yalitolewa na fundi cherehani mmoja wa Pugu, Dar es Salaam, mbele ya wahitimu wenzake wa kisomo. Tunayachapa kama alivyoyasema ili na wasomaji wetu wa vijijini wafaidike.)

  

Mwenyekiti wetu ameniomba niseme juu ya intaneti ya nyumbani. Nimesikia wengine wakicheka. Wamesema, "Fundi cherehani na intaneti, wapi na wapi?" Wana haki ya kucheka. Mimi sikuja hapa kama mtaalamu. Nimekuja kama mtu aliyeumwa. Na wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi nisikilizeni. Nikikosea, nisahihisheni. Hapa ni darasani.

JAMBO HILI LINATUHUSU VIPI?

Zamani mtu akitaka kazi ya serikali aliandika barua, akabandika stempu, akaipeleka posta. Leo anaomba kwa intaneti. Matokeo ya mitihani ya watoto wetu yanatoka kwa intaneti. Mwanafunzi anayekwenda chuo kikuu anaomba mkopo kwa intaneti. Hata fundi kama mimi, mteja ananitumia picha ya mshono anaoutaka kwa simu.

Kwa hiyo intaneti si anasa tena. Imekuwa kama bomba la maji. Bomba likikauka, nyumba nzima inahangaika.

Wengi wetu tunatumia bando la simu. Hiyo inatosha kwa mtu mmoja. Lakini nyumba yenye watoto wanne wanaosoma, bando la simu linaisha kabla ya jua kuzama. Hapo ndipo mtu anaanza kufikiri kuweka intaneti ya nyumbani, ya kulipia kila mwezi. Na hapo ndipo wauzaji wanapokuja.

YALIYONIPATA

Siku moja alikuja kijana mmoja hapa Pugu Kajiungeni. Amevaa fulana nzuri, amefungua mwavuli mkubwa, maneno yake matamu. Akasema, "Mzee, kwetu ni shilingi 50,000 tu kwa mwezi. Bila kikomo. Unatumia mpaka unachoka mwenyewe."

Kulikuwa na kampuni nyingine iliyokuwa ikiuza kwa shilingi 70,000. Nikapiga hesabu haraka haraka. Nitaokoa shilingi 20,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 240,000. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mimi mjanja.

Akanipa karatasi tatu zenye maandishi madogo. Akanionyesha pa kutia saini. Nikatia.

Ndugu zangu, mimi nimehitimu kisomo. Najua kusoma na kuandika. Lakini siku ile nilitia saini kama mtu asiyejua kusoma. Sikusoma hata mstari mmoja. Sikuuliza hata swali moja.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Mwezi wa pili, ikifika saa 2 usiku, picha zinagoma. Mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, hakuna kitu. Unapiga simu, unaambiwa, "Tatizo lako tunalishughulikia." Kesho unapiga, maneno ni yale yale.

Sasa sikilizeni. Binti yangu amesomea uuguzi. Serikali ilitangaza nafasi za kazi. Maombi yote yanapitia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kwa intaneti, na kila tangazo lina siku yake ya mwisho. Binti alikuwa akingoja vyeti vyake vigongwe mhuri na wakili. Vikapatikana zikiwa zimebaki siku tatu.

Siku hizo tatu intaneti yetu ilikatika.

Siku ya kwanza tukasema itarudi. Siku ya pili nikapiga simu mara saba. Siku ya tatu binti akajaribu kwa bando la simu, lakini sisi tunakaa bondeni, mtandao wa simu ni dhaifu. Maandishi yanakwenda, vyeti havipandi. Jioni akapanda bodaboda mpaka Gongo la Mboto, kwenye duka la huduma za kompyuta. Akakuta watu wamejaa, kila mmoja anataka kuomba kazi ile ile. Zamu yake ilipofika, umeme ukakatika. Uliporudi, ilikuwa imepita saa 6 usiku. Tangazo limefungwa.

Aliporudi nyumbani nilimwambia, "Pole mwanangu." Yeye hakulia. Akanijibu taratibu, "Baba, si ulisema tumeokoa elfu ishirini?"

Neno lile halijanitoka mpaka leo.

Jina la kampuni ile silitaji. Sikuja hapa kugombana na mtu. Na mimi nina kosa langu: nilinunua bila kupima. Kazi yangu ya ushonaji inanifundisha vingine. Mteja akileta kitambaa, sikimbilii mkasi. Nachukua futi kwanza, nampima mabega, nampima kifua, nampima urefu. Lakini intaneti nilikata bila kupima.

HESABU YA DAFTARI

Baada ya mambo yale nilichukua daftari langu la kisomo, lile lililokuwa na kurasa zimebaki. Nikaanza kuandika kila siku intaneti ikikatika. Mwisho wa mwezi nikapiga hesabu. Hebu tuipige pamoja.

Kampuni yangu: malipo ya mwezi shilingi 50,000. Siku zilizokatika ni 9. Kila siku iliyokatika tulinunua bando la simu la shilingi 2,000. Tisa mara elfu mbili ni shilingi 18,000. Nauli na malipo ya duka la kompyuta, shilingi 7,000. Jumlisha. Ni shilingi ngapi?

Vema. Shilingi 75,000.

Jirani yangu wa juu kule, mwenye ile kampuni ya pili: malipo ya mwezi shilingi 70,000. Siku zilizokatika ni 1. Bando shilingi 2,000. Jumla shilingi 72,000.

Sasa nani amenunua ghali? Aliyelipa 50,000 au aliyelipa 70,000?

Mmeona wenyewe. Ile iliyoitwa rahisi ilinizidi kwa shilingi 3,000. Na nafasi ya kazi ya binti yangu sijaiweka kwenye hesabu, maana haina bei.

Hesabu hii ni ya nyumba yangu na ya jirani yangu. Kwako inaweza kuwa tofauti. Lakini njia ya kuipiga ni hiyo hiyo. Usitazame bei iliyoandikwa kwenye mwavuli. Tazama fedha zote zitakazotoka mfukoni mwako mpaka mwezi uishe.

INTANETI INATOKA WAPI?

Kabla ya kununua kitu, ni vizuri kujua kinakotoka. Watu wengi wanadhani intaneti inatoka hewani. Sivyo. Sehemu kubwa inapita chini ya bahari, kwenye nyaya zenye nyuzi nyembamba za kioo. Ndani yake mna mwanga unaokimbia kubeba habari.

Hapa Dar es Salaam waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009. Mwaka 2010 ukafuata waya mwingine unaoitwa EASSy. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa kubwa sana. Kutoka pwani, habari zinasafiri kwenda mikoani kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao nao ni waya wa nyuzi za kioo. Kisha kampuni za mawasiliano zinaigawa mpaka nyumbani kwako.

Tarehe 12 Mei, 2024, waya hizo mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika. Nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliona taabu, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mtakumbuka, simu zilikuwa nzito kwa siku kadhaa.

Kwa nini nasema hivi? Ili tusimwonee mtu. Mara nyingine hitilafu si ya kampuni yako. Ni ya mbali kabisa. Lakini kampuni nzuri inajiandaa kwa njia ya pili, kama vile mkulima mwenye akili anavyopanda mahindi na mihogo pia. Na kampuni nzuri inawaambia wateja wake ukweli: kimetokea hiki, tutachukua siku kadhaa. Haikai kimya.

NJIA ZA KULETA INTANETI NYUMBANI

Njia ni nne. Kila moja ina uzuri wake na ubaya wake.

Njia ya kwanza ni waya wa nyuzi za kioo, watu wanauita faiba. Unafika mpaka ukutani kwako. Una kasi na mvua haiusumbui. Lakini haujafika kila mtaa. Tena wakichimba mtaro au wakitengeneza barabara, unaweza kukatwa.

Njia ya pili ni mnara wa simu. Unapewa rauta yenye laini ndani, unaichomeka kwenye umeme, basi. Ni rahisi kuanza nayo. Lakini mnara mmoja unatumiwa na watu wengi. Jioni wote wakirudi kutoka kazini, kasi inapungua. Ni kama daladala ya asubuhi ya kwenda mjini: gari ni lile lile, ila abiria wamezidi. Kuna mitambo ya 4G, na tangu mwaka 2022 ya 5G nayo imeingia nchini. 5G ina kasi zaidi, lakini mara nyingi mawimbi yake hayafiki mbali kama ya 4G, tena kuta na vilima huyazuia.

Njia ya tatu ni antena ya juu ya paa inayoelekezwa kwenye mlingoti wa kampuni. Hii inataka antena na mlingoti vionane bila kuzuiwa. Mwembe mkubwa ukikaa katikati, taabu. Kilima kikikaa katikati, taabu zaidi.

Njia ya nne ni setilaiti. Inaweza kufika hata porini. Wenzetu wa Kenya walianza kuuziwa Starlink mwaka 2023. Sisi, kabla hujanunua chombo chochote cha namna hiyo, uliza kwanza kama anayekuuzia ana leseni ya kutoa huduma hapa Tanzania. Usije ukanunua sahani ya kuanikia dagaa.

Ndugu zangu, Pugu ni nchi ya vilima. Mtu wa kilimani anaweza kupata mtandao safi, na mtu wa bondeni, hatua mia mbili tu kutoka pale, asipate kitu. Kwa hiyo usiseme, "Kampuni fulani ni nzuri, shemeji yangu wa Temeke anaitumia." Temeke si Pugu. Na Pugu Stesheni si Pugu Kajiungeni. Uliza jirani aliye karibu nawe, anayekaa bondeni kama wewe.

TUJIFUNZE KUTOKA MNADANI

Hapa kwetu kuna Mnada wa Pugu. Ng'ombe wanaletwa kutoka mikoani, na wanunuzi wanatoka mjini kote. Je, mmewahi kumwona mnunuzi mzoefu akiuliza bei kwanza? Hapana. Anamzunguka ng'ombe. Anatazama macho. Anatazama miguu. Anamsukuma atembee. Akiisha kumjua, ndipo anauliza bei.

Na anayeuliza bei kwanza? Huyo ndiye anayerudi nyumbani na ng'ombe anayechechemea.

Intaneti nayo tuizunguke kabla ya kuuliza bei. Mimi nimeandika maswali manane. Chukueni kalamu.

Swali la kwanza: NITATUMIA KWA KAZI GANI? Mtu wa kutuma ujumbe na kusoma habari hahitaji kitu kikubwa. Nyumba yenye watoto wanaotazama masomo ya video inahitaji zaidi. Saa moja ya video ya kawaida inaweza kula karibu GB 1. Watoto wakitazama saa mbili kila siku, kwa siku 30 ni GB 60. Ukinunua kifurushi cha GB 20, kitaisha siku ya kumi. Usilaumu kampuni. Ulipima vibaya.

Swali la pili: KASI NI KIASI GANI? Fikirieni bomba la maji. Ukubwa wa kifurushi ni idadi ya ndoo. Kasi ni unene wa bomba. Unaweza kuwa na ndoo mia, lakini bomba likiwa jembamba kama mrija, utajaza mpaka kesho. Kasi inapimwa kwa megabiti kwa sekunde. Angalieni: megabiti si sawa na megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Ukiambiwa kasi ni megabiti 10, maana yake unapata megabaiti moja na robo kwa sekunde, tena kama mambo yote ni mazuri.

Swali la tatu: KASI YA KUPANDISHA NI KIASI GANI? Wauzaji wengi wanataja kasi ya kushusha tu, yaani vitu vinavyokuja kwako. Lakini ukituma vyeti, unapandisha. Kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Swali hili mimi sikulijua. Leo nalijua.

Swali la nne: "BILA KIKOMO" MAANA YAKE NINI? Mara nyingi kikomo kipo, ila kimeandikwa kwa herufi ndogo. Ukifika kiasi fulani, hawakukatii, wanakupunguzia kasi mpaka mwisho wa mwezi. Wanaita matumizi ya haki. Uliza: kiasi hicho ni GB ngapi? Na baada ya hapo kasi itakuwa kiasi gani? Asipoweza kukujibu, mwambie akaulize ofisini kwao, nawe utamngoja.

Swali la tano: IKIHARIBIKA, MNATENGENEZA BAADA YA SIKU NGAPI? Na je, siku zilizopotea mnanirudishia? Jibu la mdomo halitoshi. Liwe kwenye mkataba.

Swali la sita: UMEME UKIKATIKA INAKUWAJE? Rauta haifanyi kazi bila umeme. Ukiwa na betri ndogo ya akiba, rauta yako itawaka. Lakini mtambo wa kampuni nao je? Ukizimika wa kwao, betri yako haikusaidii kitu.

Swali la saba: RAUTA NI YANGU AU NI YA KUAZIMWA? Na kufunga ni kiasi gani? Wengine bei ya mwezi ni ndogo, lakini fundi, waya na rauta vinamaliza akiba yote.

Swali la nane: NIKITAKA KUONDOKA INAKUWAJE? Kuna mikataba ya mwezi mmoja mmoja. Kuna ya mwaka mzima. Ya mwaka inaweza kuwa na bei ndogo, lakini ikiwa huduma ni mbovu, umefungwa kamba. Kama unaanza, anza na mwezi mmoja. Jaribu. Ikikufaa, endelea.

GHALI SI LAZIMA IWE BORA

Sasa msije mkatoka hapa mkasema, "Fundi ametuambia tununue ya bei kubwa." Hapana! Sikusema hivyo.

Kuna mzee mmoja hapa kwetu alinunua kifurushi kikubwa kuliko chote. Kila mwezi analipa fedha nyingi. Kumbe anakaa peke yake na mkewe, na kazi yao ni kuzungumza na wajukuu jioni na kusikiliza taarabu. Bando la simu lingemtosha kabisa, na fedha zingebaki za kununulia chakula cha kuku. Huyo naye hakupima. Alinunua koti la pande la mtu, na yeye ni mwembamba.

Tena si kweli kwamba kampuni ya bei ndogo daima ni mbovu. Mara nyingine ni mpya mtaani, watu wake ni wachache, bomba halijajaa. Na kampuni ya bei kubwa mara nyingine inauza jina tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wanaotoa huduma nchini ni wengi. Lipo shirika letu la umma, TTCL. Zipo Vodacom, Airtel, Halotel, na Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo mpaka mwaka 2024. Na nyingine zipo, kubwa na ndogo. Sikuzitaja ili kusifu moja na kuponda nyingine. Nimezitaja ili mjue kwamba mna uchaguzi. Mtu mwenye uchaguzi asikubali kuburuzwa.

Jihadharini na vishoka. Kuna watu wanaunga waya kutoka nyumba moja na kuwauzia majirani kumi. Bei yao ni ndogo, ni kweli. Lakini bomba la mtu mmoja mnakunywa kumi. Na likikatika, utamshitaki nani? Hana ofisi, hana risiti, hana leseni.

TUJUE HAKI ZETU

Ipo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa kifupi TCRA. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kazi yake ni kutoa leseni na kusimamia kampuni za simu, intaneti, redio na televisheni. Ipo pia sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010, na kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018. Yaani ubora si hisani. Umo ndani ya sheria.

Mwaka 2017 nchi yetu iliruhusu mtu kuhama kampuni ya simu bila kubadilisha namba yake. Mwaka 2021 TCRA ikaweka kanuni ndogo za vifurushi. Mojawapo ni kwamba mteja ajulishwe kifurushi chake kinapofika asilimia 75 ya matumizi, na kinapofika asilimia 100. Haya yote yamewekwa kwa sababu mteja naye ana haki.

Ukiwa na malalamiko, fuata ngazi. Usiruke.

Kwanza, peleka malalamiko kwa kampuni yako mwenyewe. Omba namba ya malalamiko, na uiandike. Andika na jina la aliyekupokea.

Pili, wasipokusikiliza, au wasipokuridhisha, peleka TCRA. Lipo pia Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kututetea sisi watumiaji.

Lakini huko kote utaulizwa jambo moja: ushahidi uko wapi? Ukisema tu, "Inakatika sana," hutasaidiwa. Sana ni mara ngapi? Tarehe gani? Saa ngapi?

Hapo ndipo daftari linapofanya kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikwenda ofisini kwao na daftari langu. Yule bwana wa kwanza alitaka kunifukuza kwa maneno matamu. Nikalifungua. Nikamsomea: tarehe kadhaa, saa 1 jioni mpaka kesho yake saa 4 asubuhi. Tarehe kadhaa, siku nzima. Nikamsomea siku zote 9. Akanyamaza. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa akasoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema, "Mzee, tutakurudishia siku zako, na mkataba wako tunaufungua bila faini."

Ndugu zangu, mimi nilianza kujifunza herufi nikiwa na mvi. Watu walinicheka. Walisema, "Mzee unasoma ili uwe nani?" Siku ile pale ofisini nilipata jibu. Nilisoma ili siku moja nimfungulie mtu daftari, naye anyamaze.

NAMALIZIA

Pugu hapa pana historia. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 na kuingia katika kazi ya kudai uhuru. Miaka ya baadaye alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nafikiri kusoma mkataba wa intaneti ni kisomo kile kile. Ukiweza kusoma gazeti, lakini ukatia saini karatasi usiyoisoma, kisomo chako bado hakijakamilika.

Basi tukumbuke mambo matano. Tujue kwanza haja yetu. Tuulize majirani wa karibu. Tusome karatasi kabla ya kutia saini. Tupige hesabu ya fedha zote, si ya bei peke yake. Na tuwe na daftari.

Mtaniuliza habari za binti. Tangazo jingine la wauguzi lilitoka baada ya miezi kumi na mmoja. Safari hii tulikuwa tumehamia kampuni nyingine. Ya bei ya kati, si ndogo si kubwa, ila tuliijaribu kwanza mwezi mmoja. Vyeti vilikuwa tayari vimegongwa mhuri, vimewekwa. Maombi yakaenda siku ya pili tu ya tangazo. Mimi mwenyewe nilisimama nyuma yake nikasoma maneno kwenye kioo kwamba maombi yamepokelewa. Nikayasoma mara mbili.

Sasa anangoja kuitwa kwenye usaili. Kupata au kukosa ni jambo jingine. Lakini akikosa, asikose kwa sababu ya baba yake.

 Kuuliza si ujinga. Mwenye swali anyooshe mkono.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Fundi alifikiri ataokoa shilingi ngapi kwa mwezi? Je, aliziokoa?
2. Katika mtaa au kijiji chenu, intaneti inafika kwa njia gani kati ya zile nne?
3. Kampuni inauza kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Imekatika siku 12, na kila siku umenunua bando la shilingi 2,000. Umetumia jumla ya shilingi ngapi?
4. Kuna vitu gani vingine tunavyonunua kwa kutazama bei peke yake? Mbegu? Dawa ya mifugo? Viatu vya watoto wa shule? Zungumzeni.